SHAMBA NA JAMAA: Kupogoa mzeituni, yaani kukata ili mti uzae



Juma hili tuache kidogo mihogo na maharagwe, tuutazame mti usioota katika mashamba yetu, ingawa jina lake tunalisikia kanisani tangu utoto. Ndio mzeituni. Toka zamani mafuta yake yametumika kwa krisma takatifu na kwa mpako wa wagonjwa. Hata baada ya mwaka wa 1972, Papa Paulo VI aliporuhusu mafuta mengine ya mimea yatumike kwa mpako wa wagonjwa mahali ambapo ya zeituni hayapatikani au yapatikana kwa shida, mzeituni haukupoteza heshima yake. Lakini mkristu aliyepakwa mafuta siku ya kipaimara huenda hajafikiri hata mara moja juu ya mkulima aliyeyatoa mtini. Basi mkulima huyo anayo kazi moja inayodai ujuzi kuliko nyingine zote: kupogoa, maana yake kukata matawi kwa kipimo, ili mti uwe na afya na uzae vizuri.

Labda utaniuliza: «Mwalimu, mti wa Ulaya na wa Nchi Takatifu wanihusu nini mimi mwenye kahawa chache mlimani?» Nitakujibu mbele kidogo. Kwanza tujifunze mti wenyewe, kwani anayejua sababu ya kazi huifanya vizuri kuliko yule anayefuata amri tu.

Mti wa miaka mingi

Mzeituni ni mti wa nchi zinazoizunguka Bahari ya Mediteranea. Watu walianza kuulima upande wa mashariki wa bahari hiyo yapata miaka 6,000 iliyopita. Siku hizi Hispania ndiyo inayotoa mafuta ya zeituni mengi kuliko nchi zote za dunia, lakini Italia, Ugiriki, Uturuki, Tunisia na Moroko nazo zinayo mashamba makubwa. Mti huo hupenda kiangazi kirefu chenye jua kali, na baada yake majira ya baridi ya kiasi. Pasipo baridi hiyo hautoi maua vizuri. Ndiyo sababu mzeituni uliopandwa karibu na ikweta waweza kustawi na kupendeza kwa majani yake, usizae kitu.

Maisha yake ni marefu ajabu. Katika bustani ya Gethsemane huko Yerusalemu, jina ambalo maana yake ni kinu cha kukamulia mafuta, iko mizeituni minane mizee sana. Mwaka wa 2012 wataalamu wa Italia walitangaza matokeo ya uchunguzi wao: mashina ya mitatu kati ya hiyo ni ya karne ya 12. Na mizizi yaweza kuwa ya kale kuliko mashina, kwani mzeituni ukikatwa hata chini, au ukiunguzwa kwa moto, huchipuka tena toka kisikini. Shikeni jambo hilo, maana kazi yote ya kupogoa imejengwa juu yake: mti huu una nguvu ya kuanza upya.

Kwa nini kuukata mti ulio mzima?

Mtu asiyejua, akimwona mkulima wa Toscana au wa Andalucía juu ya ngazi, msumeno mkononi, na matawi ya kijani yakianguka chini, husema: «Huyu anaharibu mali yake.» Lakini ziko sababu tano.

Sababu ya kwanza ni umri wa vijiti. Mzeituni hauzai kwenye tawi nene, wala kwenye chipukizi la mwaka huu. Huzaa kwenye kijiti kilichokua mwaka uliopita. Katika kwapa la kila jani la kijiti hicho hutokea kishada kidogo cha maua meupe. Katika maua mia moja, ni machache tu yatakayokuwa matunda, na hiyo yatosha. Mahali palipokwisha kuzaa hapazai tena. Kwa hiyo mti usioota vijiti vipya mwaka huu hautakuwa na mahali pa kuweka matunda mwaka ujao. Kupogoa huuamsha mti utoe vijiti vipya.

Sababu ya pili ni jua. Mti ulioachwa wenyewe hujifunga majani pande zote kama nyumba isiyo na dirisha. Ndani huwa giza. Majani ya ndani hugeuka manjano na kuanguka, vijiti hukauka, na matunda hubaki juu kabisa na pembeni tu. Tunda lililopata jua huwa kubwa, tena lina mafuta zaidi kuliko tunda la kivulini. Wakulima wa Provence, kusini ya Ufaransa, wana msemo wao wa zamani: mzeituni uliopogolewa vema ni ule ambao mbayuwayu aweza kuupenya akiruka bila kugusa bawa lake.

Sababu ya tatu ni hewa. Penye majani mengi unyevu hukaa, na penye unyevu ugonjwa hupata makao. Kuna ukungu mmoja unaotia majani madoa ya mviringo kama macho ya manyoya ya tausi, kisha majani huanguka. Kuna wadudu wadogo wenye gamba jeusi, ambao hujibandika kwenye vijiti na kunyonya utomvu. Uchafu wao mtamu huleta masizi meusi juu ya majani, hata jani lisipate mwanga. Ukungu ule na wadudu hawa hupenda mti uliofungamana. Hewa na jua vikiingia, nguvu yao hupungua, na mkulima hununua dawa kidogo zaidi.

Sababu ya nne ni kusawazisha miaka. Mzeituni una tabia ya kuzaa sana mwaka mmoja na kupumzika mwaka wa pili. Mwaka wa matunda mengi, chakula chote cha mti huenda kwenye matunda, wala hakibaki kitu cha kukuza vijiti. Mwaka unaofuata, kwa kukosa vijiti, matunda ni haba. Jamaa nayo hufuata mwendo huo huo: mwaka mmoja nyumba ina fedha, mwaka wa pili ina madeni. Mkulima mwenye akili hupogoa zaidi kidogo kabla ya mwaka unaotazamiwa kuwa wa matunda mengi, na hupogoa kidogo sana kabla ya mwaka wa matunda haba. Hatafuti mwaka mmoja wa ajabu, bali miaka yote ya kutosha.

Sababu ya tano ni mvunaji mwenyewe. Mti mrefu mno hudai ngazi ndefu, na ngazi ndefu huleta ajali. Mti uliowekwa kwa kimo cha wastani huvunwa upesi na kwa usalama. Siku hizi katika Italia wakulima wengi hukata matawi wakiwa wamesimama chini, kwa misumeno yenye mipini mirefu, ili wasipande kabisa.

Fundisho la Sfax

Msifikiri kwamba habari hizi ni za Ulaya tu. Katika Afrika yetu, huko Tunisia, karibu na mji wa Sfax, iko mizeituni mingi sana kwenye nchi kavu. Mvua ya pale ni kama milimita 200 tu kwa mwaka, na Bukavu hupata zaidi ya mara tano ya kiasi hicho. Watu wa Sfax walifanya nini? Walipanda miti mbali mbali, mita 24 toka mti hadi mti, hata katika hekta moja mna miti 17 tu. Kila mti una uwanja mpana wa kutafutia maji kwa mizizi yake. Na kwa kisu hupunguza majani, kwani kila jani hunywa maji. Mti wenye majani mengi kuliko maji yaliyomo ardhini hujiua wenyewe kwa kiu wakati wa jua kali.

Tazameni hekima hiyo. Kipimo cha matawi hakitoki katika tamaa ya mkulima. Hutoka katika udongo na mvua. Shamba lenye mbolea na maji laweza kulisha majani mengi, shamba maskini haliwezi.

Wakati na namna

Wakati mzuri wa kupogoa ni baada ya mavuno, majira ya baridi yanapokaribia kwisha, kabla maua hayajafunguka. Mahali penye baridi kali mkulima hungoja mpaka hatari ya barafu ipite, kwa sababu kidonda kipya hudhurika kwa baridi. Tena huchagua siku kavu. Kuna ugonjwa wa bakteria unaoleta vinundu kama uvimbe kwenye matawi, na bakteria hao husafiri katika maji ya mvua na kuingia kwa njia ya vidonda. Anayekata wakati wa mvua huwafungulia mlango.

Na namna ya kukata ndiyo hii:

Mosi, noa vyombo na kuvisafisha. Kisu butu hupasua ganda, na ganda lililopasuka haliponi vema. Mti wenye vinundu ukatwe mwisho wa kazi, na msumeno upitishwe katika spiriti au moto kabla ya kuingia mti mwingine. Pasipo hivyo mkulima mwenyewe ndiye atakayeupeleka ugonjwa toka mti hadi mti.

Pili, kabla ya kukata, uzunguke mti na kuutazama. Mkataji bora hutazama kwa muda mrefu na kukata kwa muda mfupi. Ajiulize: matawi makuu ni yapi? Giza liko wapi? Tawi gani linamkaba mwenzake?

Tatu, ondoa kwanza yaliyokufa, yaliyovunjika na yenye ugonjwa. Kisha ondoa machipukizi yanayopanda wima kama mikuki kutoka migongoni mwa matawi, na yale yanayotoka chini ya shina. Hayo hula sana na kuzaa kidogo. Lakini usiondoe yote pasipo kufikiri. Mahali penye pengo, chipukizi moja zuri laweza kulelewa liwe tawi jipya badala ya lililochoka.

Nne, linda umbo la mti. Katika Italia hupenda umbo la bakuli: matawi makuu matatu au manne yanayotoka shinani na kufunguka nje, katikati pakibaki wazi. Kila tawi kuu liwe jembamba juu na pana chini, ili la juu lisilifunike la chini.

Tano, kata karibu na mahali tawi lilipotokea, usiache kisiki kirefu, kwani kisiki hukauka na kuoza hata ndani ya mti. Lakini usikate hata kuingia mwilini mwa shina, kwani ile pete ya ganda iliyo chini ya tawi ndiyo inayofunga kidonda.

Sita, usizidishe. Kwa mwaka wa kawaida mti mzima usipoteze zaidi ya robo ya majani yake. Majani ndiyo jiko la mti. Anayeyaondoa mno huufanya mti uache kuzaa na kutoa fujo ya machipukizi marefu, kwa kuwa unajitahidi kurudisha jiko lake. Na mche mdogo uachwe karibu kama ulivyo katika miaka yake ya kwanza, maana kuukata mara kwa mara hukawiza mavuno.

Saba, usiache matawi manene yaliyokatwa yakae shambani. Kuna mdudu mdogo anayetaga mayai katika kuni hizo, na watoto wake wakiisha kukua hurudia miti mizima. Mizigo hiyo ichukuliwe nyumbani ikawe kuni mapema, au iteketezwe, au isagwe iwe matandazo ya shamba. Majani yake hupewa mbuzi na kondoo, nao huyala kwa furaha.

Columella, Mroma aliyeandika juu ya kilimo katika karne ya kwanza, alikwisha kuwashauri wenye mizeituni waipogoe kila mwaka wa nane. Siku hizi wengi hukata kidogo kila mwaka au kila mwaka wa pili, kwani vidonda vidogo hupona upesi kuliko vikubwa.

Baridi ya mwaka 1956

Sasa sikilizeni habari ya kweli, mpate kuona kwamba kukata si kazi ya mikono tu, ni kazi ya moyo pia.

Mwezi wa Januari 1956, katika Provence hali ya hewa ilikuwa ya upole kuliko desturi, na utomvu wa mizeituni ulikuwa umeanza kupanda. Mwanzoni mwa Februari baridi kali ikashuka ghafula. Utomvu ukaganda ndani ya miti, maganda yakapasuka, na baada ya siku chache majani yote yakawa rangi ya kahawia. Mamilioni ya mizeituni ilionekana imekufa. Miti iliyopandwa na mababu na kulisha vizazi vingi ilikuwa kuni kwa majuma machache.

Wakulima wakagawanyika. Wengi walikata tamaa, wakaing'oa mizizi na kupanda mizabibu, au wakauza mashamba. Wengine wakashika msumeno, wakaikata miti yao karibu na ardhi, wakangoja. Machipukizi yakatoka kisikini. Kati ya machipukizi hayo walichagua mawili, matatu au manne yenye nguvu, wakayalea, na baada ya miaka kadhaa wakavuna tena. Ndiyo sababu hata leo msafiri akipita Provence huona mizeituni mingi yenye mashina mawili au matatu kwenye mzizi mmoja. Hayo ni machipukizi ya 1956.

Jambo kama hilo lilitokea tena Toscana, katika Italia, mwezi wa Januari 1985. Karibu na mji wa Firenze baridi ilifika nyuzi 23 chini ya sifuri. Huko nako watu walikata miti mpaka chini, na huko nako mizizi ilijibu.

Fikirini hali ya baba wa jamaa siku ile ya kukata. Kisiki hakitoi mafuta. Watoto wanakula kila siku, na mti utarudi baada ya miaka. Aliyekata hakuwa na hakika ya moyo kama aliye na fedha mfukoni. Alikuwa na ujuzi tu kwamba mzizi ungali hai. Ujuzi huo ndio uliookoa mashamba.

Kisu hakiponyi kila kitu

Walakini haifai kumsifu daktari kwa ugonjwa asioweza kuuponya. Mwaka wa 2013, katika Puglia, kusini mashariki ya Italia, iligunduliwa bakteria iitwayo Xylella fastidiosa katika mizeituni ya karibu na mji wa Gallipoli. Mdudu mdogo anayenyonya utomvu huichukua toka mti hadi mti. Bakteria hiyo hukaa ndani ya mishipa inayopandisha maji, ikaiziba, na mti hukauka kuanzia ncha za matawi. Wakulima wengine walikata matawi makavu wakitumaini mti utajifanya upya kama ule wa Provence. Machipukizi yalitoka kweli, kisha nayo yakakauka, kwa sababu adui hakuwa tawini tu, alikuwa katika mishipa ya mti mzima. Mamilioni ya miti imepotea. Siku hizi hupanda aina zinazostahimili ugonjwa huo, kama ile iitwayo Leccino, na hupiga vita mdudu kwa kuondoa magugu wakati wa machipuko, maana humo ndimo watoto wake wanamolelewa.

Fundisho ni nini? Kabla ya kukata, tambua ugonjwa. Mti uliodhurika kwa baridi, uzee au giza huponywa na msumeno. Mti wenye adui katika mishipa hauponywi hivyo. Mwenye shamba akiona jambo asilolijua, na amwite mtu wa kilimo aje alitazame, kabla ya kufanya kazi bure.

Na kahawa yetu?

Sasa nawajibu mliouliza. Mkahawa si ndugu wa mzeituni, lakini tabia zao zafanana kwa mambo mengi. Mkahawa nao huzaa kwenye sehemu ya tawi iliyokua mwaka uliopita, wala mahali palipozaa hapazai tena. Nao hupenda kuzaa mno mwaka mmoja na kuchoka mwaka wa pili. Nao hutoa machipukizi wima yanayokula bure. Nao ukiachwa hupanda juu sana, ukabaki mtupu chini, na akina mama na watoto huupinda ili wafikie matunda, mwisho unavunjika. Nao ukikatwa chini huchipuka tena.

Kuna na jambo la afya. Katika Kivu, na kwa jirani zetu wa Rwanda na Burundi, yupo mdudu aitwaye antestia, ambaye hutoboa matunda ya kahawa. Hupenda mikahawa iliyofungamana majani. Madhara yake yameungana na ile harufu mbaya ya kiazi kibichi, ambayo kikombe kimoja chenye nayo chatosha kumfanya mnunuzi akatae mzigo mzima. Kuufungua mkahawa kwa makasi ni njia mojawapo ya kumfukuza mdudu huyo, bila fedha ya dawa.

Basi kwa nini mikahawa mizee ingali imesimama katika vilima vyetu pasipo kukatwa? Si kwa uvivu. Tuseme kijana amerudi toka shule ya kilimo, anamwambia mzazi wake: «Baba, kahawa hii imezeeka, tuikate.» Mzee anajibu: «Mwanangu, kahawa hii ndiyo iliyokusomesha. Nikiikata leo, ni nani atakayewasomesha wadogo zako mwaka huu na mwaka kesho?» Asiwepo mtu wa kumcheka mzee huyo. Neno lake lina uzito. Mkahawa uliokatwa chini hukaa yapata miaka miwili kabla ya kuzaa vema tena, na karo ya shule haingoji.

Lakini kijana naye hakukosa, na dawa ni kugawanya kazi. Wanafunzi, chukueni kalamu, tufanye hesabu ya mfano. Tuseme jamaa ina mikahawa 300 mizee, kila mmoja ukitoa kilo 1 ya matunda, jumla kilo 300. Tuseme tena kwamba mti uliofanywa upya hautoi kitu miaka miwili, mwaka wa tatu hutoa kilo 2, na baadaye kilo 3. Jamaa inakata miti 100 kila mwaka baada ya mavuno. Mwaka wa kwanza itavuna kilo 200. Mwaka wa pili kilo 100. Mwaka wa tatu kilo 200. Mwaka wa nne kilo 500. Mwaka wa tano kilo 800. Ingekata yote siku moja, ingekaa miaka miwili bila hata kilo moja.

Mnaona kwamba mwaka wa pili ni mgumu. Sitaki kuuficha, kwani shauri linaloficha ugumu wake si shauri jema. Kwa hiyo jamaa ijitayarishe: mahali palipokatwa jua hufika chini, na hapo maharagwe husitawi kati ya visiki kwa miaka hiyo miwili, yakisaidia mezani na sokoni. Jamaa iliyo dhaifu zaidi ikate robo badala ya theluthi. Lakini ianze.

Mkate baada ya mavuno, mvua zinapokaribia kurudi, kwa msumeno mkali, si kwa panga linalopasua. Kiasi cha sentimita 30 toka ardhini, mkate kwa mshazari ili maji yateremke yasioze kisiki. Ikiwezekana acheni tawi moja la chini liendelee kuulisha mzizi mpaka machipukizi yatakapopata nguvu. Kisha chagueni machipukizi mawili au matatu yaliyoshika vizuri, yenye nafasi kati yao, mkayaondoe mengine yote yangali laini. Tieni mbolea ya samadi. Na kila mwaka baada ya hapo, pitieni shamba mkiondoa yaliyo makavu na yanayokabana, ili msihitaji tena kukata kwa msiba.

Neno la mwisho kwenu wazee na vijana. Katika nyumba nyingi shauri la kukata hugeuka ugomvi, kwa sababu baba huogopa kudharauliwa na mwana huogopa kunyamazishwa. Waketi pamoja jioni moja, wahesabu miti, waandike katika daftari: mstari huu mwaka huu, mstari ule mwaka kesho. Mzee ndiye anayeijua historia ya kila mti, upi ulizaa sana na upi ulikuwa mgonjwa toka mwanzo. Kijana anaijua namna mpya ya kukata. Wakiunganisha maarifa hayo mawili, mzee mwenyewe ndiye afaaye kukata mti wa kwanza, kwa kuwa ndiye aliyeupanda. Watu wa Provence waliokata mizeituni ya babu zao hawakuwadharau mababu. Waliilinda mizizi waliyoachiwa.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutasema juu ya samadi: namna ya kuiweka chini ya kivuli ili mvua isiichukue nguvu yake. Mpaka hapo, wasomaji wapenzi, noeni misumeno, mkatazame kahawa zenu mti kwa mti kabla ya kukata lolote.